Mtoto Wako Anasoma Vizuri. Haya, Muulize Amesoma Nini

Hebu soma habari hii fupi, kisha ujibu maswali yanayofuata.

Jana jioni mbedu alikidopa kitavelo chake kwenye mlozu. Kitavelo kilipofezuka, mbedu akagwinza sana.

Maswali: Mbedu alikidopa nini? Alikidopa lini? Alikidopia wapi? Kwa nini mbedu aligwinza?

Bila shaka umepata yote. Alikidopa kitavelo chake, alikidopa jana jioni, kwenye mlozu, na aligwinza kwa sababu kitavelo kilifezuka. Nne kwa nne. Kalamu nyekundu inapita hapo, vema nne, na chini kabisa mwalimu anaandika "Kazi nzuri". Tatizo ni dogo tu: hujui mbedu ni mdudu au ni mjomba wa mtu. Mimi pia simjui, nimemtunga leo asubuhi nikinywa chai. Hujaelewa hata chembe ya habari hiyo, lakini umefaulu mtihani wa ufahamu.

Ndugu zangu, hivi ndivyo watoto wengi wanavyofaulu ufahamu katika shule zetu, kuanzia darasa la pili mpaka wanamaliza. "Soma habari ifuatayo kisha jibu maswali." Mtoto anachukua neno la kwenye swali, analitafuta kwenye habari, akilikuta ananakili sentensi nzima ilivyo na kuhamia swali la pili. Hiyo kazi hata mashine inaiweza. Tunaiita ufahamu kwa sababu neno hilo limeandikwa juu ya ukurasa.

Mjadala wa kusoma hapa kwetu tumeuzoea, na umekaa miaka mingi kwenye swali moja: anajua kusoma au hajui? Swali hilo lilikuwa na sababu zake. Mwaka 2010 Uwezo walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na hadithi ya kiwango cha darasa la pili mkononi, wakakuta kwamba kati ya watoto 10 wa darasa la tatu ni 3 tu walioweza kuisoma. Katika waliokuwa wanamaliza darasa la saba, mmoja kati ya watano alikuwa haiwezi hadithi hiyo hiyo. Mwaka 2012 ikasikika serikalini kwamba vijana zaidi ya elfu tano waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Tukapiga kelele, sisi waandishi tukaandika vichwa vya habari vya kutisha, kila mtu akashika kichwa. Mwaka 2015 ukaja mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, masomo yakapunguzwa, nguvu zikapelekwa kwenye KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Lilikuwa jambo jema na sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni na kile tunachokiita kusoma. Mwaka 2013 watoto wa darasa la pili walipimwa kitaifa, na safari hii waliulizwa pia maswali kuhusu walichokisoma. Waliosoma na kuelewa kwa kiwango kilichotakiwa walikuwa kama 8 katika kila 100. Namba hiyo haikupata kelele kama zile za kwanza. Mtoto asiyejua kusoma anaonekana, maana anakwama, anatokwa jasho, anaanza kulia. Anayesoma bila kuelewa haonekani. Anasoma harakaharaka kama mtangazaji wa mpira, wageni wanapiga makofi, mzazi anachukua video na kuirusha kwenye grupu la ukoo.

Na lugha yetu inasaidia kumficha huyu mtoto. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa. Ukishajua ba be bi bo bu na ndugu zake, unaweza kusoma kwa sauti karibu neno lolote, hata kama hujawahi kulisikia. Mtoto wa Uingereza akikutana na neno geni anaweza kujikwaa kwenye matamshi, na mwalimu akajua hapa pana tatizo. Mtoto wetu anasoma "uwajibikaji", "halmashauri", "mbedu", yote sawasawa, bila kujikwaa popote. Mdomo unakwenda kazini, akili imebaki nyumbani imelala. Na ukumbuke huyo ni mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake. Kuna mwenzake wa Usukumani, au wa Umasaini, au wa Kigoma vijijini, aliyekutana na Kiswahili kwa wingi siku alipovaa sare ya shule. Huyo anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri kabisa na kwake ukawa ni mbedu na kitavelo mwanzo mwisho.

Halafu kuna vitu ndani ya Kiswahili chenyewe ambavyo sisi wakubwa hatuvioni tena. Chukua sentensi hii: Asha alimwambia Rehema kwamba mama yake amefika. Mama wa nani? Sentensi haisemi. Inabidi usome ya mbele au urudi ya nyuma. Au hii: "Walipowakuta wakawapa maji yao." Nani alimkuta nani, na maji yalikuwa ya nani? Msomaji mzoefu anapanga hawa watu kichwani bila kujijua. Mtoto anapita juu juu, na akifika aya ya tatu hajui tena nani ni nani. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba hapo unasimama na kujiuliza.

Na hili ndilo hasa ninalotaka kulisema leo: ufahamu tunaupima, hatuufundishi.

Si sisi peke yetu. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, mtafiti mmoja anaitwa Dolores Durkin alikwenda kukaa madarasani kuangalia walimu wanavyofundisha watoto kuelewa wanachosoma. Katika masomo ya kusoma ya darasa la nne alikaa na saa yake dakika 4,469. Unajua ni dakika ngapi zilizotumika kufundisha ufahamu? Dakika 20. Muda mwingine watoto walipewa kazi, wakaulizwa maswali, wakasahihishwa. Walimu walikuwa wachapakazi kweli, ila walikuwa wanauliza kama mtoto ameelewa, wala hawakumwonyesha mtu anaelewaje. Ni kama shule ya udereva ambayo kila siku unaletewa trafiki akupe mtihani wa barabarani, lakini mwalimu wa kukaa pembeni yako na kukuambia "kanyaga klachi sasa" hayupo.

Miezi kadhaa iliyopita nilikwenda shule moja ya msingi pembezoni mwa jiji, siitaji jina kwa sababu walimu wake walinipokea vizuri na sitaki wapigiwe simu. Darasa la tatu lilikuwa na watoto tisini na kitu, wanne kwenye dawati, kitabu kimoja kwa watoto watano au sita. Waliposoma kwa pamoja bati lilitikisika. Nilipita katikati ya madawati nikaona mambo. Mmoja anasoma kitabu kikiwa mbele ya mwenzake, yeye anakiona kichwa chini miguu juu. Mwingine ameangalia dirishani na bado anasoma bila kukosea, habari yote anayo kichwani. Yule kasuku mnayemsikia kwenye methali na misemo, mimi nimemwona ana kwapa la sweta limechanika na anasoma vizuri kuliko wote.

Mwalimu wao, mama mmoja mtu mzima mwenye uvumilivu wa ajabu, aliniruhusu nijaribu kitu. Nikaandika ubaoni:

Mama Neema alitoka nje, akaangalia juu. Akawaita watoto. Wakaanua nguo zote harakaharaka. Kuku wakakimbilia chini ya mkokoteni.

Wakasoma, bati likatikisika. Nikauliza: kwa nini walianua nguo?

Mikono ikaruka. "Kwa sababu Mama Neema alitoka nje!" Mwingine: "Kwa sababu aliangalia juu!" Mwingine: "Kwa sababu kuku walikimbia!" Umeona? Mbedu aligwinza kwa sababu kitavelo kilifezuka. Majibu yote wameyaokota kwenye sentensi za jirani.

Kule nyuma kabisa mtoto mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mvua."

Darasa zima likacheka. "Hakuna mvua hapo!" Kijana mmoja wa dawati la mbele akainuka bila kuambiwa, akaenda mpaka ubaoni, akaweka kidole kwenye neno la kwanza na kukipeleka neno moja baada ya lingine mpaka la mwisho, analitafuta neno "mvua". Hakuliona. Akageuka na kutangaza, kama hakimu vile: "Haipo."

Yule kijana siwezi kumsahau. Si mjinga hata kidogo, alikuwa anafanya kile hasa alichofundishwa: jibu lipo ubaoni, litafute. Hakuna aliyemwambia kwamba majibu mengine nusu yapo ubaoni na nusu yapo kichwani kwake, na kusoma ni kuzikutanisha hizo nusu mbili.

Nikamwuliza yule wa nyuma amejuaje. Akajibu, "Na sisi kwetu tukiona wingu tunaanua." Basi. Hapo ndipo mwalimu alipochukua chaki, na mimi nikajua nikae chini kwa sababu yeye ni mwalimu na mimi ni mwandishi tu. Akarudia habari ile mwanzo, sentensi moja moja, akiisoma na kufikiri kwa sauti ili watoto wamsikie. "Mama Neema ametoka, ameangalia juu. Juu kuna nini? Labda ndege. Labda embe. Sijui bado, ngoja niendelee. Amewaita watoto... kuna haraka. Wanaanua nguo. Nguo unaanua zikikauka, lakini mbona harakaharaka? Na kuku wanajificha. Ahaa, sasa naanza kuona kitu." Darasa lilikuwa kimya kabisa. Nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kusikia kinachotokea kichwani mwa mtu mzima anaposoma. Siku zote walikuwa wanasikia sauti tu.

Habari ya pili aliitunga yeye mwenyewe palepale. "Baba aliondoka na pikipiki alfajiri. Saa nne asubuhi alirudi kwa miguu, helmeti mkononi. Mama alimwangalia, akazima redio. Siku hiyo hakuna aliyeuliza chakula cha mchana." Akauliza, kumetokea nini? Akawaambia wasijibu kwanza, kila mmoja amwambie jirani yake. Kelele zikaanza, lakini zile za watu wanaobishana. Imeibiwa! Imekamatwa na trafiki! Amepata ajali! Kwa kila jibu mwalimu aliuliza kitu kimoja tu: "Neno gani limekuambia?" Wa ajali wakakwama, maana mwenzao aliwaambia angepata ajali asingerudi anatembea. Kisha msichana mmoja akasema pikipiki imechukuliwa na mwenye nayo kwa sababu baba hajapeleka hesabu. Neno gani limekuambia? Akafikiri. Akasema helmeti. Mwizi angechukua na helmeti, lakini mwenye pikipiki amechukua pikipiki yake tu.

Mimi nina shahada na sikuwa nimeliona hilo.

Sasa niambie, pale palitumika gharama gani? Chaki. Hakukuwa na projekta, wala semina ya siku tano yenye posho na chai ya saa nne. Kilichobadilika ni aina ya swali, na mtu mzima aliyekubali kuonyesha anavyofikiri.

Wataalamu wana majina ya vitu hivi. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Annemarie Palincsar na Ann Brown, walichapisha kazi yao na wanafunzi ambao walikuwa wanasoma maneno vizuri tu ila hawaelewi. Waliwazoesha mambo manne wakiwa ndani ya vikundi vidogo: kubashiri kinachokuja, kuuliza maswali kama ya mwalimu, kufafanua pale panapochanganya, na kufupisha kilichosomwa. Mwalimu anaanza yeye, kisha watoto wanapokezana kuwa mwalimu. Uelewa wa wale watoto ulipanda sana, na njia hiyo imejaribiwa tena sehemu nyingi tangu hapo.

Ukiangalia vizuri, hata hapa si vitu vigeni. Bibi anayehadithia usiku anasimama katikati na kuuliza, "Mnadhani Sungura alifanyaje?" Huko ni kubashiri. Kitendawili! Tega! "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto anageuza maneno kichwani, anayalinganisha na dunia anayoijua, anapata yai. Hakuna neno "yai" ndani ya kitendawili na hakuna mtoto anayekwenda kulitafuta kwa kidole. Kwa hiyo uwezo wa kuunganisha wanao, wamekuja nao kutoka nyumbani, ila wakifika getini wanauacha hapo kama fimbo ya kuswagia ng'ombe, kwa sababu darasani hakuna anayeuhitaji.

Najua mwalimu mmoja atasoma hapa na kuniambia "wewe unaongea tu, njoo ufundishe". Ana haki. Fanya hesabu: watoto 90, maswali matano, hayo ni majibu 450 ya kusahihisha jioni moja kwa somo moja. Swali la kunakili unalisahihisha kwa kutupia jicho. Swali la "kwa nini unadhani..." kila mtoto ana jibu lake, inabidi usome kila moja na uamue. Mwalimu anayeuliza maswali ya kunakili si mvivu, anajaribu kulala kabla ya saa sita usiku. Ndiyo maana nimesimulia lile darasa la pikipiki kwa kirefu: maswali magumu yanaweza kuwa ya mdomo, wawili wawili, yasiandikwe, yasisahihishwe. Yale ya kunakili yabaki kwenye daftari kama lazima.

Na kuna mtihani, mkubwa wa wote. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulipoanza kusahihishwa kwa mashine, karatasi zikawa za kuchagua jibu, hata hesabu, ingawa baadaye maswali ya kukokotoa yalirudi. Si kwamba swali la kuchagua haliwezi kupima kufikiri, linaweza ukitunga kwa akili. Lakini mwalimu anafundisha kuelekea kule anakopimwa, na mkuu wake naye anapimwa, na afisa elimu juu yake naye anapimwa. Kama mtihani unaweza kufaulika kwa kidole cha yule kijana wa dawati la mbele, basi kidole ndicho kitakachofundishwa. Baraza la Mitihani wakiweka kila mwaka maswali matatu tu ambayo jibu lake haliwezi kunakiliwa, mabadiliko yataonekana madarasani kabla semina yoyote haijafanyika.

Lakini kabla hatujashangilia hizi mbinu, nina hofu moja. Mfumo wetu una kipaji cha ajabu cha kugeuza kila kitu kuwa notsi. Nawaona kabisa watoto wa darasa la nne wakinakili ubaoni: "Mbinu za ufahamu ni hizi zifuatazo: (a) kubashiri (b) kuuliza..." na mtihani wa muhula unauliza "Taja mbinu nne za ufahamu". Mtoto anataja zote nne, anapata nne kwa nne, na habari hajaielewa. Tutakuwa tumerudi kwa mbedu. Mbinu hizi si somo, ni mazoea, na zenyewe hazichukui muda mrefu kuonyeshwa. Kinachochukua muda ni kuzitumia kwenye habari nyingi, tofauti tofauti, mpaka zinakuwa kama kupumua.

Tena hazitoshi. Msomaji anahitaji kujua vitu. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 64 Marekani. Waliwapa habari kuhusu mchezo wa besiboli. Wale waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu lakini wanaoujua mchezo waliielewa habari kuliko wasomaji hodari wasioujua. Hilo tunaweza kulifikiria hapa bila utafiti. Mpe habari ya Simba na Yanga yule mtoto ambaye darasani anaitwa mzito, iwe na kuotea, kona na penalti ya dakika za nyongeza. Atakueleza mpaka mambo ambayo mwandishi hakuandika. Mpe habari hiyo hiyo anayeshika namba moja ambaye hajawahi kuangalia mpira, atabaki anashangaa kwa nini goli limeingia halafu limekataliwa. Kwa hiyo kumpunguzia mtoto maarifa ya jamii na sayansi ili asome tu, huku kusoma kwenyewe kunahitaji hayo maarifa, ni jambo la kuangaliwa kwa makini sana. Na vitabu. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwepo hapa nchini tangu 1991, na hadithi nzuri za Kiswahili zimechapwa, ila nenda kaangalie shule ngapi zina kabati la hadithi, na katika hizo ngapi kabati halijafungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa mwalimu mkuu aliyesafiri. Kenya walipoanza Tusome mwaka 2015 walihakikisha kwanza kila mtoto ana kitabu chake mkononi. Sisi bado tunaona kitabu kimoja kwa watano kuwa hali ya kawaida.

Na wewe uliyemtoa mtoto wako huko ukampeleka shule ya Kiingereza yenye basi la njano, usicheke. Wewe ndiye ninayekuhofia zaidi. Mtoto wa chekechea anakusomea kitabu cha Kiingereza kizima, na wewe furaha imekujaa mpaka ada huioni tena. Sawa. Mwombe akusimulie kwa Kiswahili kilichotokea kwenye kile kitabu. Wengi watakuangalia tu. Huyo ana matatizo mawili, lugha na mazoea ya kunakili, na la kwanza linalificha la pili. Yule wa shule ya serikali atakutana na balaa hilo hilo kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia itakapogeuka usiku mmoja. Siwezi kudai kwamba mbinu za kusoma zitamwokoa mtoto ambaye Kiingereza hana. Ila mtoto aliyezoea kuliuliza andiko maswali kwa Kiswahili atajua angalau ni wapi ameacha kuelewa, na hapo atainua mkono. Asiyezoea hatajua kama kuna kitu kimempita.

Hili halikai shuleni. Mimi kwa kazi yangu nakutana na watu waliosaini mikataba ya mikopo, ile mnayoiita kausha damu, na mikataba ya pikipiki. Wengi wamemaliza darasa la saba, wengine kidato cha nne. Nilikaa na kijana mmoja, akanisomea mkataba wake wa pikipiki kwa sauti, neno kwa neno, bila kukosea hata herufi. Kilikuwemo kifungu kinachosema akichelewesha malipo kwa siku saba mfululizo chombo kinarudi kwa mmiliki na fedha zilizokwisha kulipwa hazitadaiwa. Alikuwa amelipa miezi kumi na moja. Nikamwuliza kile kifungu kinamaanisha nini kwake. Akakisoma tena, kwa sauti kubwa zaidi kidogo.

Leo usiku, kama una mtoto ndani ya nyumba, wako au wa dada yako, chukua hadithi yoyote. Soma ukurasa mmoja, funga kitabu ukiwa umeweka kidole katikati, muulize, "Sasa itakuwaje?" Akijibu, muulize neno gani limemwambia. Akisema "sijui", usimsaidie haraka. Fungua kitabu, rudini nyuma sentensi mbili, someni tena. Dakika kumi zinatosha. Umeme ukikatika tega vitendawili.

Yule mwalimu wa darasa la tatu alinisindikiza mpaka getini, mikono bado ina chaki. Aliniambia kesho yake angejaribu tena na habari nyingine, hata kama mada ile imeshapita kwenye azimio la kazi. Kisha akaniuliza kama ninafahamiana na mtu yeyote anayetunga mitihani.